UZI: Utafiti wa Mwanza wa 1995 "haukufutwa" na Rakai. Tuusome vizuri

Mwanasengerema (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kwenye mada moja ya kinga ya VVU humu ndani, mchangiaji mmoja aliandika kwamba ule utafiti mkubwa wa magonjwa ya zinaa uliofanyika Mwanza miaka ya tisini "ulikuja kufutwa na Waganda", akimaanisha jaribio lililofanyika Rakai, Uganda. Watu wakamuunga mkono, mada ikaendelea. Mimi sikuweza kupita kimya, kwa sababu huu ni kati ya utafiti wa afya ya jamii uliofanyika kwenye ardhi yetu ukabadilisha namna dunia nzima inavyoliangalia jambo, na sisi wenyewe tunauongelea kwa kusikia.

Makala yenyewe ilitoka kwenye jarida la Lancet, Agosti 1995. Mwandishi wa kwanza ni Heiner Grosskurth, daktari wa Kijerumani. Wa pili ni Frank Mosha. Wa mwisho ni Richard Hayes, mtakwimu wa chuo cha afya ya jamii na magonjwa ya ukanda wa joto cha London. Katikati, kwenye orodha ya watu 14, mtakutana na Mwijarubi, Senkoro, Changalucha, ka-Gina, Mugeye. Taasisi ni AMREF (shirika la afya la Afrika), NIMR Mwanza (taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na hao wa London. Nimeyataja majina kwa makusudi, maana tukisema "utafiti wa Grosskurth" inaonekana kama mzungu alishuka Mwanza peke yake na begi lake.

Swali lao lilikuwa hili. Kufikia wakati huo ilishajulikana kwamba mwenye kidonda sehemu za siri hupata VVU kwa urahisi zaidi. Watafiti wa Nairobi walilionyesha hilo mwaka 1989 kwa wanaume waliokuja kliniki ya magonjwa ya zinaa. Mwaka 1993 watafiti wa Kinshasa wakaonyesha kwamba hata magonjwa yasiyo na vidonda, kama kisonono na klamidia, yanaongeza hatari kwa wanawake. Lakini hapo palikuwa na shimo: mtu mwenye kisonono mara nyingi ndiye huyohuyo mwenye wapenzi wengi. Utajuaje kama ni kisonono kilichofungua mlango, au ni mwenendo ulioleta vyote viwili?

Njia ya kulijibu ilikuwa kutibu magonjwa hayo vizuri sehemu moja, kuacha huduma za kawaida sehemu nyingine, kisha kuhesabu VVU pande zote mbili. Ndicho walichofanya. Walichukua jamii 12, kila moja ikiwa ni eneo linalohudumiwa na kituo cha afya na zahanati zake. Wakazipanga jozi 6 zinazofanana: visiwani na visiwani, mwambao wa ziwa na mwambao, barabarani na barabarani, vijijini na vijijini. Kila jozi wakapiga kura nani aanze. Wakaandikisha watu wazima 12,537 wa miaka 15 hadi 54 na kuwapima, kisha wakarudi baada ya miaka 2 na kuwapata 8,845.

Kati ya wale ambao mwanzo hawakuwa na VVU, upande ulioboreshewa matibabu walioambukizwa walikuwa 48 kati ya 4,149, sawa na asilimia 1.2. Upande wa ulinganisho walikuwa 82 kati ya 4,400, asilimia 1.9. Wakishasawazisha tofauti za mwanzo, maambukizi mapya yalipungua kwa takriban asilimia 40. Na walipouliza mwenendo wa watu, haukuwa umebadilika. Kwa hiyo kilichoshusha namba kilikuwa matibabu.

Sasa angalieni walichofanya ili kuzipata namba hizo, maana hapa ndipo utamu ulipo. Hawakujenga hospitali. Walifungua kliniki moja ya rufaa, wakawafundisha wahudumu wa zahanati zilezile za serikali, wakahakikisha dawa haziishi, wakawa wanawatembelea mara kwa mara kuwasimamia, na wakatoa elimu vijijini ili mwenye dalili aje mapema. Tiba yenyewe ilikuwa kwa kuangalia dalili, bila maabara. Mwaka 1997 ikatoka makala ya gharama, Lancet tena: senti 39 za dola kwa kila mkazi kwa mwaka, na takriban dola 218 kwa kila maambukizi ya VVU yaliyozuiwa.

Wakati huo hakuna dawa za kufubaza virusi kwenye hospitali zetu. Hizo zilianza kutolewa na serikali mwaka 2004. Fikirieni mtu anakwambia mwaka 1995 kwamba mganga wa zahanati mwenye dawa za kawaida za bakteria anaweza kupunguza UKIMWI kwa asilimia 40.

Karibuni. Nitaomba tuongee kwa hoja.

---

Hesabati

Mkuu, asante kwa mada iliyoandikwa kwa utulivu. Nina hoja mbili na sitazilainisha.

Kwanza, asilimia 40 ni kadirio la katikati. Mipaka ya uhakika, yaani eneo ambamo athari ya kweli inaweza kuwa, ilianzia 21 hadi 58, na msingi wake ni jozi 6 tu. Kwenye jaribio la aina hii unachohesabu ni jamii, siyo watu. Una 6 upande huu na 6 upande ule. Bahati inaweza kucheza.

Pili, tangu hapo yamefanyika majaribio mengine. Mwaka 2010 huyohuyo Hayes na wenzake waliandika tathmini kwenye jarida la AIDS, na kichwa cha makala kilikuwa kinauliza kama safari imefika mwisho au ni mwanzo mpya. Walihesabu majaribio 9 ya kutibu magonjwa ya zinaa ili kuzuia VVU. Lililoonyesha mafanikio ni moja tu, la Mwanza. Moja kati ya tisa. Ukiwa mtu wa takwimu, hiyo namba inakukosesha usingizi.

---

Nakawa

Nami niko Kampala, nasomea afya ya jamii. Ninyi mnasema "Waganda waliufuta" kana kwamba walikaa wakapanga. Jaribio la Rakai lilishaanza kabla ya makala ya Mwanza kutoka, na lilikuwa na swali lake.

Rakai waliongozwa na Maria Wawer, pamoja na Nelson Sewankambo, David Serwadda na Ron Gray. Wao hawakungoja mgonjwa aje kituoni. Walikwenda nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10 na kumpa kila mtu mzima dawa, awe na dalili asiwe nazo. Azithromaisini, siprofloksasini na metronidazo, mbele ya macho yao. Matokeo yalitoka Lancet Februari 1999: maambukizi mapya ya VVU 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka, upande wa dawa na upande wa ulinganisho, sawasawa. Bodi ya usimamizi ikalisimamisha kabla ya wakati.

Kisha Masaka, hapahapa Uganda, 2003, Anatoli Kamali na wenzake, jamii 18. Hawa walitumia tiba kwa dalili kama Mwanza, na pia hawakuona VVU ikishuka.

---

Mwanasengerema

Hesabati, Nakawa, nawashukuru, mmeniletea nilichokitaka.

Kilichotokea baada ya 1999 hakisimuliwi. Timu mbili zimetoa majibu yanayogongana kwenye jarida lilelile. Zingeweza kurushiana maneno miaka kumi. Badala yake, mwaka 2000, Grosskurth, Gray, Hayes, Mabey na Wawer walikaa wakaandika makala moja kwa pamoja, Lancet hiyohiyo, kueleza kwa nini majibu yao hayafanani. Mkitaka kusoma kitu kimoja tu baada ya uzi huu, someni hiyo.

Hoja ya kwanza ni hatua ya janga. Mwanza, VVU ilikuwa kwa asilimia 4 hivi ya watu wazima. Rakai ilikuwa asilimia 16. Janga likiwa changa, virusi vinazunguka zaidi kwa watu wenye wapenzi wengi, ambao ndio pia wenye kisonono na pangusa (kidonda cha sehemu za siri kinacholetwa na bakteria), kwa hiyo ukitibu hapo unakata mnyororo. Janga likishakomaa, mke na mume wa kawaida wasio na ugonjwa wowote wa zinaa wanaambukizana ndani ya nyumba, na dawa ya kisonono haigusi hapo.

Hoja ya pili ni vidonda vyenyewe. Rakai, sehemu kubwa ya vidonda ilitokana na malengelenge ya sehemu za siri, ambayo ni virusi. Umpe mtu azithromaisini kiasi gani, hayaondoki.

Hoja ya tatu: kutibu kila baada ya miezi 10 kunawaacha watu waambukizwe tena katikati, wakati zahanati ya Mwanza ilikuwa wazi kila siku. Na mwenye dalili ndiye hatari zaidi. Mwaka 1997 Myron Cohen na wenzake walionyesha Malawi kwamba wanaume wenye VVU na usaha kwenye njia ya mkojo walikuwa na virusi mara 8 zaidi kwenye shahawa kuliko wasio na usaha, na wiki 2 baada ya matibabu virusi hivyo vilishuka sana.

Hoja hii ya tatu haielezi Masaka, Nakawa yuko sahihi. Lakini mbili za kwanza zinaieleza. Waganda walishabadilisha mwenendo kabla ya majaribio haya kuanza, na magonjwa yanayotibika yalikuwa machache kuliko Mwanza. Mwaka 2004 Richard White na wenzake waliingiza takwimu za sehemu zote tatu kwenye modeli ya kompyuta na kuona kwamba tofauti za watu, mwenendo na hatua ya janga zinatosha kueleza sehemu kubwa ya kutofautiana huko.

Ndiyo maana nasema neno "kufutwa" si sahihi. Dawa ileile inaweza kufanya kazi Magu mwaka 1992 na isifanye kazi Masaka mwaka 1998, na sababu ikawa inajulikana.

---

Hesabati

Modeli ya kompyuta iliyotengenezwa baada ya matokeo kujulikana inaweza kueleza karibu chochote, mkuu. Sisemi haina thamani. Nasema uzito wake si sawa na wa jaribio jipya.

Na jaribio jipya lilikuwepo. Kama malengelenge ndiyo yaliyokuwa yanakwamisha, basi yatibu uone. Deborah Watson-Jones na timu ya Mwanza walilifanya hilo hapohapo kaskazini magharibi ya Tanzania, kwa wanawake wanaofanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni. Waliwapa asaiklovia, dawa ya malengelenge, kila siku. Matokeo yalitoka New England Journal of Medicine 2008: hakuna tofauti ya maambukizi ya VVU. Jaribio jingine la kimataifa la mwaka huohuo likapata jibu lilelile.

---

Mwanasengerema

Kweli kabisa, na ni watu wa Mwanza wenyewe waliolifanya na kulitangaza. Timu hiyohiyo ilifanya pia MEMA kwa Vijana, jamii 20, elimu ya afya ya uzazi mashuleni na huduma rafiki vituoni. Ujuzi wa vijana ulipanda, VVU haikushuka. Wakaandika hivyohivyo. Watu waliopata sifa kubwa mwaka 1995 wangeweza kutafuta namna ya kuipamba.

Kuhusu bahati, sipingi kwamba ilichangia ukubwa wa ile 40. Nikilazimishwa kusema, ningesema athari ya kweli inaweza kuwa karibu na ile 21. Bado ni kubwa.

---

TabibuMstaafu

Vijana, shikamooni kwa niaba ya waliosahau kusalimia. Nimefanya kazi zahanati za kanda ya ziwa miaka mingi, niruhusuni niwaeleze ilikuwaje chini huku.

Kabla ya tiba kwa dalili, mtu akija na kidonda, kitabu kinakuambia upime. Upime na nini? Darubini haipo, au ipo na hakuna kemikali. Unambashiria. Unampa sindano ya kaswende, anaondoka, kumbe ni pangusa. Wiki ya pili anarudi kidonda kimekua, au harudi kabisa anaenda kwa mganga wa kienyeji.

Chati zilipokuja zilikuwa karatasi moja ukutani. Mwanaume analalamika usaha? Mwangalie. Upo? Mpe dawa ya kisonono na ya klamidia kwa pamoja, usichague. Kidonda? Mpe ya kaswende na ya pangusa kwa pamoja. Mweleze, mpe kondomu, mpe kadi ya mwenza. Ile kadi ndiyo ilikuwa kazi ngumu. Mwanaume anaikunja anaiweka mfuko wa shati, na wewe unajua kabisa haitafika nyumbani. Ilibidi kuongea naye kama kaka yake, mlango umefungwa, hadi akubali kumleta mama.

Kwa wanawake chati ilikuwa dhaifu, na hili lazima lisemwe. Mama anakuja na uchafu ukeni, chati inakupeleka kwenye dawa nyingi, na mara nyingi si ugonjwa wa zinaa kabisa. Umeshamwambia amlete mume, ugomvi umeshaingia nyumbani kwa jambo ambalo halikuwepo. Na wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote, hao chati haiwaoni.

Halafu kuna jambo la dawa. Nilifanya kazi wilaya moja, sitaitaja, chati zilibandikwa vizuri na mafunzo tulipata, lakini dawa zikawa zinakuja robo mwaka moja, robo mbili hazipo. Mgonjwa anasoma chati ukutani pamoja na mimi na anauliza dawa iko wapi. Kwa hiyo nikisoma namba za 1995 nakumbuka kwamba wale walihakikisha dawa zipo na msimamizi anakuja. Bila hayo mawili karatasi haimtibu mtu.

---

MamaNeema

Marahaba babu, na shikamoo. Mimi naomba kuuliza kitu kinachonisumbua tangu nianze kusoma huu uzi. Zile jamii 6 za ulinganisho, watu 82 walipata VVU. Watafiti walikuwa wanaangalia tu?

---

Mwanasengerema

Dada, ni swali zito.

Wale wa ulinganisho waliendelea na huduma ileile waliyokuwa nayo, hakuna kilichoondolewa. Wakati jaribio linaanza hakuna aliyejua kama matibabu bora yangeshusha VVU, ndiyo sababu ya kulifanya. Baada ya miaka 2 mpango ulipelekwa na kwao pia. Lakini sitakuambia kwamba swali limeisha hapo. Kisonono ni ugonjwa unaojulikana kutibika hata kama VVU isingekuwepo, na kuna wataalamu wa maadili waliobishana sana juu ya majaribio ya kipindi kile, Rakai na Mwanza zote. Leo jaribio kama hilo lisingepitishwa bila kila upande kupata kiwango cha msingi cha tiba, na sehemu ya sababu ni mabishano hayo.

---

Nakawa

Naomba niongeze kuhusu Rakai, maana naona watu wanaiita jaribio lililofeli na inaniuma kidogo.

Rakai walikuwa na damu iliyohifadhiwa ya maelfu ya watu waliofuatiliwa kwenye jaribio lile. Wakarudi wakatafuta wenza ambao mmoja alikuwa na VVU na mwingine hana. Wakapata jozi 415. Thomas Quinn na wenzake wakapima kiasi cha virusi kwenye damu ya yule mwenye VVU na kuangalia nani alimwambukiza mwenzake. Walioambukizwa walikuwa 90. Lakini kati ya jozi 51 ambazo mwenye VVU alikuwa na virusi chini ya 1,500 kwa mililita, hakuna hata mwenza mmoja aliyeambukizwa. Makala ilitoka New England Journal of Medicine mwaka 2000.

Tunaposema leo kliniki kwamba mwenye VVU anayemeza dawa vizuri na virusi vikawa havionekani hamwambukizi mwenza wake, moja ya mizizi mikubwa ya kauli hiyo iko pale Rakai, kwenye mafaili ya jaribio ambalo halikupata lilichokuwa linakitafuta.

---

Mwanasengerema

Nakawa, umenifikisha nilikotaka kumalizia. Watu hupima uzito wa mtafiti kwa kuhesabu mara ngapi makala yake imetajwa, na ya 1995 imetajwa kwelikweli. Lakini ukitaka kuona athari, angalia kazi zilizofuata.

Ipo ya hesabu. Kupanga jaribio la jamii 12 kulimlazimisha Hayes kujibu: unahitaji jamii ngapi ikiwa jamii zenyewe zinatofautiana kabla hujaanza? Mwaka 1999 yeye na Steve Bennett walichapisha kanuni nyepesi ya kukokotoa hilo, inayotumia kipimo cha tofauti kati ya jamii na jamii. Leo mwanafunzi anayepanga jaribio la vyandarua, vyoo au lishe kwa vijiji vizima anaanzia pale. Hayes huyohuyo akaja kuongoza PopART, jamii 21 za Zambia na Afrika Kusini zenye takriban watu milioni moja, kupima VVU nyumba kwa nyumba na kuwaunganisha watu na dawa. Matokeo ya 2019 yalikuwa na utata wake pia, Hesabati atayafurahia: kwenye kundi moja la jamii maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa asilimia 30, na kundi lililotarajiwa kufanya vizuri zaidi likapata 7 tu.

Ipo ya kaswende kwa wajawazito. Mwaka 2002 Watson-Jones na wenzake walionyesha kwamba karibu nusu ya watoto waliozaliwa wafu kwenye utafiti wao wa Mwanza walihusishwa na kaswende ya mama, na kwamba sindano moja ya penisilini wakati wa ujauzito inaondoa hatari hiyo. Kwangu mimi hili ni zito kuliko hata lile la VVU, maana halina mjadala na tiba yake ni ya bei ya chini kabisa. Mama anayepimwa kaswende kliniki leo hajui habari hii.

Na zipo taasisi. Mwanza kuna kituo cha majaribio cha MITU, cha ushirikiano wa NIMR na London. Grosskurth mwenyewe aliwahi kuongoza kituo cha utafiti cha Waingereza kule Entebbe, yaani upande wa wale "walioufuta" utafiti wake, kisha akarudi kuongoza MITU.

MITU ndio waliofanya jaribio la DoRIS kwa wasichana 930 wa Mwanza wenye miaka 9 hadi 14, kuuliza kama dozi moja ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inatosha badala ya mbili au tatu. Kinga ilijitokeza kwa karibu wasichana wote waliopata dozi moja. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja, kwa ushahidi wa hapa, wa Kenya na wa kwingineko, na Tanzania ikahamia huko 2024. Soma orodha ya waandishi wa DoRIS: jina la pili ni Changalucha. Yumo kwenye orodha ya 1995.

---

MamaNeema

Binti yangu alichanjwa dozi moja shuleni mwaka huohuo wa 2024. Niliuliza kwa nini moja wakati wa dada yake zilikuwa mbili, nikaambiwa tu ndiyo mwongozo mpya. Ahsanteni.

---

Hesabati

Nakubali kuhusu kanuni ya 1999, naitumia kazini. Kuhusu 1995 msimamo wangu uko palepale: matokeo ya kweli kwa mahali na wakati wake, ukubwa wake una shaka. Mkuu, ukipata nafasi fungua uzi wa kaswende kwa wajawazito peke yake. Swali langu ni kwa nini vipimo vya VVU vipo kliniki kila siku na vya kaswende vinaisha.

---

TabibuMstaafu

Huo uzi nitauchangia. Vipimo vya VVU vilikuwa na mfadhili wake na gari lake la kuvileta. Kaswende ilisubiri fungu la wilaya.